Tupeane uzoefu: Ulikuwa huna hata nauli ukasema utaijenga nchi. Kilikukuta nini?

Kifaurongo (mleta mada):
Wakuu salaam.

Jana mpwa wangu aliyemaliza kidato cha sita alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele na mama yake. Akaniuliza bila hata kuinua uso: "Mjomba, hivi ile digrii yako ilikusaidia nini?" Nikamwambia inanisaidia kusoma maelezo ya dawa. Akacheka. Mimi nikatoka nje kujifanya napokea simu.

Nimehitimu 2016, wa mwaka ule mnanielewa. Tumevaa majoho, mgeni rasmi anasema taifa linatusubiri, na ajira serikalini zimesimama tangu katikati ya mwaka kupisha uhakiki wa watumishi. Aprili 2017 yakatangazwa yale majina 9,932 ya watumishi wenye vyeti feki, kijiweni kwetu tukashangilia kama goli la dakika ya tisini. Tukapiga hesabu: nafasi 9,932 zimepatikana, hatukosi hata mbili tatu. Ndo hivo.

Nikaamua basi nianze na nilichonacho. Nina kompyuta moja ya mezani, nikaigeuza darasa la jioni kwa watoto wa mtaani, ndani ya lililokuwa banda la kuku. Bure. Nilifika miezi saba, kodi ikanishinda, kompyuta nikaiuza. Yule mtoto aliyekuwa anaweza kuchapa bila kutazama vitufe nikikutana naye sasa hivi anavuka barabara.

Sitaki mahubiri ya kujiajiri. Nataka yaliyokukuta wewe. Tiririkeni.

Deiwaka:
Siti ya mbele kabisa. Nakuja, nina abiria.

Tangawizi:
Uzi wa kilio huu. Nafuata leso.

BilaChekiNamba:
Mleta mada umenishika pabaya.

Nimehitimu ualimu 2017, hisabati na fizikia. Mwanzoni mwa 2018 nikaenda kujitolea sekondari moja ya kata huko Nanyumbu, hisabati ilikuwa inafundishwa na mkuu wa shule mwenyewe, na yeye ni mtu wa Kiswahili na historia. Nikajiambia mwaka mmoja tu, ajira zikitoka zinikute na uzoefu. Nikakaa saba.

Malipo yalikuwa ya wazazi. Kikao kilikubaliana shilingi 1,000 kwa kila mtoto kwa mwezi, mikono ikanyooshwa juu yote. Mwezi wa kwanza zikapatikana 41,000 ndani ya bahasha ya kaki, na debe moja la mbaazi. Kufika mwezi wa tano bahasha haiji, zinakuja mbaazi. Sisemi vibaya, mbaazi zilinilea.

Kulikuwa na binti kidato cha tatu, anakaa mbele, daftari kalijalidi kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Ukimaliza swali ubaoni ananyoosha mkono: "Mwalimu, kuna njia fupi." Na kweli ipo. Nikawa namfundisha jioni kwa tochi ya simu yangu. Akafaulu, akaenda kidato cha tano, tukapoteana.

Sasa njoo 2025, usaili wa walimu. Hesabu yake mnaikumbuka, nafasi 14,648 na waombaji zaidi ya 200,000. Nipo kwenye foleni ya kuhakikiwa vyeti, jua la saa nne, bahasha nimejifunika kichwani. Nasikia nyuma yangu: "Shikamoo, mwalimu."

Nikageuka. Ni yeye. Kamaliza stashahada, hisabati na fizikia. Foleni nzima ikageuka nayo kumtafuta huyo mwalimu ni nani, wakaniona na mimi nina bahasha kama yao.

Nikaitikia marahaba. Haikutoka vizuri.

Ndani kuna swali moja nililifanya kwa njia yake fupi, nawaambia ukweli. Yeye wa stashahada kapita, mimi wa digrii nimekosa. Alipopangiwa shule akanipigia: "Mwalimu, samahani, naomba maandalio yako ya somo ya kidato cha pili." Nikamtumia yote. Picha moja moja, kwa bando la 1,000.

Deiwaka:
Aisee. Nimesimamisha pikipiki pembeni.

Tangawizi:
Hiyo marahaba imeniuma kuliko njaa.

Nyasi Kavu:
Nakazia.

Mwembe1976:
Vijana poleni, lakini mnalia mno. Mimi nilimaliza darasa la saba nikachukuliwa ualimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Tulifundisha chini ya mwembe, ubao umeegemezwa kwenye shina, mbuzi anakatiza katikati ya somo. Hatukuulizana posho. Uzalendo ulikuwepo. Nyie mnataka muanze na gari.

Kifaurongo:
Shikamoo mzee. Hebu rudia kusoma ulichokiandika. Darasa la saba, ukachukuliwa. Huyu dada ana digrii na kafundisha miaka saba kwa mbaazi. Hapo aliyeuliza posho ni nani?

Mwembe1976:
Marahaba. Mshahara wenyewe ulikuwa unachelewa hata miezi mitatu.

Deiwaka:
Ukichelewa maana yake kuna mahali umetoka, mzee wangu. Wa kwetu haujaanza safari.

Mwembe1976:
Sibishani na mtu anayeandika huku anaendesha.

Deiwaka:
Nimepaki mzee, acha uchokozi. Na sasa hivi naandika yangu.

Mimi ni wa mkataba. Hesabu ya tajiri 10,000 kila siku, mvua inyeshe, mtoto aumwe, 10,000. Kijiweni kwetu kuna shimo lilikuwa linatuvunjia watu. Mama mjamzito tulimwangusha hapo usiku, Mungu tu. Kesho yake vijana tukachangishana 2,000 kila mmoja, tukanunua kifusi tripu moja, tukakisambaza kwa makoleo ya kuazima. Tukapiga na picha.

Siku ya pili kaja mtu na kitabu cha risiti. Anauliza kibali cha kuziba shimo. Mwenyekiti wa kijiwe akamuuliza, "Kwani shimo lenyewe lilikuwa na kibali?"

Hatukulipa. Ila mvua ya kwanza ikakizoa kile kifusi chote kikaenda kuziba mtaro wa mama ntilie, banda lake likajaa maji. Sasa yeye ndo anatudai.

Kura Tatu:
Hahaha. Mkuu angalau nyie mlidaiwa na mama ntilie. Mimi ushauri wangu wa kwanza: usiingie siasa.

Kura za maoni ndani ya chama, kuelekea ule uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024. Niligombea uenyekiti wa mtaa. Nina kurasa mbili nimechapa kabisa: taka, taa za njiani, vijana wanaolala kwenye vibaraza. Nikauza simu kubwa, nikabaki na kitochi, nikapika pilau la wajumbe. Wakala. Mmoja aliomba ukoko.

Kura tatu. Moja nilijipigia. Na nyumbani kwangu wenye haki ya kupiga tuko watano. Mke wangu anaapa alinipa. Mama mkwe naye anaapa. Shemeji zangu wawili wanaapa. Hesabu inakataa.

Tangawizi:
Wajumbe si watu wazuri.

Kura Tatu:
Mjumbe mwenyewe nalala naye kitanda kimoja mkuu.

Dada Alizeti:
Mnawakatisha watu tamaa. Mimi nasema jiungeni vikundi, ila nisikilizeni kwanza.

Ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya wenye ulemavu, haina riba, hilo ni kweli. Sisi huku Singida tulikuwa watano. Katiba tukaandika, mihtasari, akaunti, andiko la mradi wa kukamua alizeti. Andiko peke yake tulilirudia mara nne, mara tarehe, mara sahihi imezidi mstari. Tunafika ukingoni, Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima ukisubiriwa utaratibu mpya.

Katika kusubiri: mmoja kaolewa Kahama, mmoja kaenda Oman, mmoja kapata kazi, mweka hazina kapotea na 180,000 za viingilio. Mikopo imerudi, kikundi ni mimi na muhuri. Muhuri ninao, wino haujaisha.

Siku hizi nakamua kwa mashine ya watu, nalipia kwa gunia. Wasichana wawili wananisaidia, wamemaliza kidato cha nne juzi. Wananiuliza lini tutasajili kikundi.

Nyasi Kavu:
Fanyeni kikundi cha ndugu, ndugu hakuibii.

Kura Tatu:
Ndugu? Umesoma nilichoandika hapo juu?

Mtendaji wa Mbali:
Nilikuwa napita kimya kimya, lakini shikamoo ya huyo binti imenitoa. Hili hata mke wangu sijawahi kumwambia.

2019, usaili Dodoma. Mimi na mwenzangu tumesoma chuo kimoja, tumekaa chumba kimoja, tumelala njaa moja. Tulikuwa tunakesha tunapanga tukipata kazi tutafanya nini, na siyo magari, kweli kabisa: yeye alikuwa na mchoro wa namna ya kupeleka maji kijijini kwao, ameuchora nyuma ya kalenda. Mchujo tukapita wote wawili. Mahojiano tukaitwa siku moja.

Viatu vyeusi tulikuwa na jozi moja. Vyake, mtumba, namba 41. Mimi navaa 43, na siku hiyo nina ndala. Tukapanga: jina lake linaanza na A, langu M. Ataingia mapema, akitoka tunakutana nyuma ya vyoo, anavua navaa. Usiku tukalala stendi tukipokezana begi la vyeti, mmoja analala mmoja analikalia. Alfajiri mama mmoja muuza chai akatupa ndoo ya maji tukaoga. Tukataka kumlipa, akasema mkipata mtanirudia. (Sijamrudia. Hilo nalo liko pale.)

Saa tatu akaitwa. Akaja nyuma ya vyoo anacheka: "Wameniuliza utawala bora, nimewamwagia." Akavua. Vina joto la miguu yake bado. Nikavikunja vidole kama ngumi nikaingiza. Soksi kila mtu alibaki na zake.

Hapo ndo mambo yakaharibika. Aliyemaliza haruhusiwi kubaki ndani, akatolewa nje ya geti na ndala zangu, na simu tuliyokuwa nayo ni moja, yake, kaibeba. Orodha ikarukwarukwa, mimi nikaitwa saa kumi na moja jioni. Miguu imeshakufa ganzi. Naingia, mezani watu watano, mama mmoja akaniuliza, "Kijana unaumwa? Mbona unatembea hivyo?" Nikasema hapana mheshimiwa, ni hamu ya kazi. Wakacheka wote. Naamini kazi niliipatia pale kwenye kile kicheko.

Nikatoka mbio. Getini hakuna mtu.

Nilikaa hadi saa tatu usiku. Nikaazima simu kwa mlinzi, namba haipatikani. Majibu yalipotoka jina langu lipo. Lake halipo.

Mpaka leo mimi ni mtendaji wa kata, kwa viatu vya mtu.

Tangawizi:
Hii chai. Tena ya maziwa.

Nyasi Kavu:
Tangawizi muache. Sasa viatu viko wapi?

Dada Alizeti:
Viatu viko wapi kaka?

Tangawizi:
Mmesoma chuo kimoja, chumba kimoja, halafu hukumpata kwa watu wa darasa lenu? Wahitimu mna makundi ya simu mpaka ya kuchangiana harusi. Chai.

Deiwaka:
Subirini kwanza. Wewe ni MTENDAJI? Kile kitabu cha risiti ni cha kwako?

Mtendaji wa Mbali:
Deiwaka kata yangu haina hata mita moja ya lami, mashimo ndo barabara yenyewe. Ukija na kifusi nitakupokea kwa ngoma.

Tangawizi, nilimpata. Sikutaka kuandika hiyo sehemu. 2021, kupitia mtu wa darasa, kama ulivyosema. Tuliongea dakika mbili. Mlinzi wa zamu ya jioni alimwambia watu wote wameisha, ndani hamna mtu. Akajua nimeondoka na viatu. Akapanda basi hadi Songea na ndala, za mtu mwenye mguu mkubwa kuliko wake, na kila kituo akishuka anaogopa zisimvuke.

Nikamwambia viatu vyako ninavyo, nivitume wapi. Akasema, "Vaa tu, vimeshakuzoea." Akakata.

Tangawizi:
Naomba radhi mkuu. Chai nimeimwaga.

Mwembe1976:
Kijana mpelekee mbuzi. Usipige simu, nenda mwenyewe na mbuzi.

Nyasi Kavu:
Mbuzi wa nini mzee? Mkate mtendaji asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kama bodi ya mikopo, mpaka deni liishe.

Kifaurongo:
Na ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya viatu isihesabiwe, ilifutwa 2021.

Dada Alizeti:
Nyie watu hamna adabu, nimecheka na machozi yapo. Kaka, nenda. Usiende na hela, utamuudhi.

Kura Tatu:
Aende na hela. Mtu hana kazi umpelekee maneno?

Sauti ya Chini:
Nilikuwa nimeandika uzoefu wangu mrefu, nimeufuta. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 naona wa zamani wote mdogo. Zile siku intaneti imekatwa nilikuwa namtafuta mdogo wangu kwa miguu hapa Dar, na kufika saa kumi na mbili jioni lazima niwe nimerudi ndani maana ni amri. Siku ya nne tulimpata. Yupo nyumbani. Alikuwa na daftari anaandika mambo ya katiba, siku hizi anaandikia hesabu za duka. Haongei sana.

BilaChekiNamba:
Pole sana. Msalimie.

Deiwaka:
Pole ndugu yangu.

Mwembe1976:
Pole mwanangu. Mimi nina mjukuu wa umri huo. Hayo niliyosema juu ya kulia, niyaondoe.

Kifaurongo:
Wakuu, uzi huu nimempa mpwa wangu asome tangu jana usiku. Kausoma wote. Asubuhi kaja na kalamu: "Sasa mjomba, kwenye maombi ya chuo nijaze nini?" Alama za sayansi anazo nzuri. Nimwambie nini?

Nyasi Kavu:
VETA. Ufundi umeme. Usimpoteze mtoto.

Kura Tatu:
Chochote isipokuwa sayansi ya siasa.

Dada Alizeti:
Kilimo, lakini asome na uhasibu, atakuja kuniambia mweka hazina alipitia wapi.

Deiwaka:
Ajifunze kuendesha kwanza. Digrii haina haraka.

Tangawizi:
Udaktari. Wa miguu, kuna mtendaji hapa anamhitaji.

BilaChekiNamba:
Ualimu.

Kifaurongo:
Dada, wewe? Baada ya yote yale?

BilaChekiNamba:
Kidato cha pili B hawana mwalimu wa fizikia mpaka sasa hivi ninapoandika. Nipo mlangoni kwao nasubiri kengele. Mwambie hisabati na fizikia, na aje na tochi.

Nyasi Kavu:
Sawa, lakini mtendaji hajajibu. VIATU VIKO WAPI?

Mtendaji wa Mbali:
Vilikuwa chini ya meza ofisini. Sivivai, nilivibadilisha soli tu. Kuna kijana anajitolea hapa kwangu mwaka wa pili sasa, anaandika mihtasari ya vikao vyote vya kata, mwandiko kama wa mashine. Kaitwa usaili. Nikamuuliza unavaa namba ngapi, akasema 41. Nikavitoa, nikampa, nikamwambia ukimaliza usisubiri mtu yeyote getini, njoo navyo moja kwa moja.

Alisema siku tatu. Leo ya nane.

Tangawizi:
Basi mkuu, viatu vimeshapangiwa kituo cha kazi.